Bunduki Iliyomtosha Saimi Rautio

Saimi Rautio alikuwa na urefu wa futi nne na inchi kumi, na hakuna aliyethubutu kumpunguzia hata inchi moja. Nilifanya naye kazi miaka kumi na tisa katika jiko la shule ya Harju, huku kaskazini kabisa mwa Michigan, yeye akipika na mimi nikiosha masufuria. Sijapata kumsikia akimwomba mtu amshushie kitu kutoka rafu ya juu. Siku aliyoanza kazi alikuta meza ya kukatia nyama imetengenezwa kwa mtu mrefu. Siku ya pili alikuja na msumeno wa mumewe umefungwa kwenye gunia la unga. Mwalimu mkuu alipoingia saa sita mchana, meza ilikuwa fupi kwa inchi nne na supu ilikuwa tayari. Aliitazama meza, akamtazama Saimi, akachukua bakuli.

Watu wa hapa wakisimulia habari za bunduki yake huzifupisha. Husema, "Aliwashinda wanaume," basi. Haikuwa hivyo. Mimi nilikuwepo karibu mwanzo hadi mwisho, na nitaisimulia kama ilivyokuwa.

Mumewe, Urho, alikuwa mkata magogo. Mwaka huo gogo lilimteleza likamvunja goti, na daktari akamwambia wazi kuwa msituni asirudi tena. Urho angeweza kuvumilia kukosa kazi. Alichoshindwa kuvumilia ni Oktoba, mwezi wa kuwinda kwale. Alikuwa na mbwa wa kike mweusi aliyeitwa Musti, mwenye pua isiyodanganywa. Majani ya mipopla yalipogeuka manjano, Musti alikaa mlangoni akilia, na Urho akakaa dirishani akijikaza asimfuatishe.

Saimi alivumilia siku tatu.

"Nitampeleka mimi," akasema.

"Umpeleke wapi?"

"Msituni. Nitakuletea kwale ule, unyamaze. Nyote wawili mnyamaze."

Urho alicheka, lakini alimtolea bunduki. Ilikuwa bunduki ya marisau namba kumi na mbili, ile ambayo karibu kila nyumba ya huku unaikuta nyuma ya mlango, yenye uzito wa ratili nane na mtutu mrefu kama mpini wa reki. Ilitengenezwa kwa mwanamume mwenye mikono ya Urho. Saimi alipojaribu kuiweka begani, kitako kilinasa kwenye koti, kikaingia chini ya kwapa. Akakivuta, akakipandisha kwa nguvu, akafyatua kuelekea kwenye rundo la vumbi la mbao nyuma ya ghala. Akajikuta ameketi chini, miguu mbele, kofia usoni.

"Mke wangu," Urho akamwambia kutoka barazani, machozi ya kicheko yakimtoka, "wewe huhitaji bunduki. Unahitaji ngazi na mtu wa kukushikilia."

"Cheka. Goti lako likipona nitakuvunja jingine."

Kesho yake jikoni alinionyesha bega. Lilikuwa zambarau kama biringanya.

Jumamosi nilimsindikiza dukani kwa Clarence Trezona. Clarence alikuwa na futi sita na inchi nne, na upana wa kulingana nazo. Babu zake walitoka Cornwall, kule Uingereza, kuja kuchimba shaba, na shaba ilipokwisha baba yake akafungua duka la bunduki, chambo na viatu vya theluji. Katikati ya duka palikuwa na jiko la kuni, na kando ya jiko palikuwa na wazee wawili watatu wasionunua kitu, kazi yao kutoa maoni.

"Kumbe Kibaba leo anakwenda vitani!" akasema mmoja wao. Kibaba ndilo jina walilompa Saimi tangu ujana.

"Nataka bunduki ya kwale," Saimi akamwambia Clarence. "Ya mtu wa kimo changu."

Clarence hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke. Alikuwa mtu asiyewahi kuumizwa na bunduki, ndiyo maana hakuwa na maswali. Alinyoosha mkono mrefu ukutani akashusha bunduki ya mtutu mmoja, namba ishirini, yenye tundu jembamba kuliko ile ya Urho. Akaizungusha kwa vidole viwili kama kijiko.

"Ratili tano, haifiki hata tano na robo. Mtu mdogo, bunduki nyepesi. Hapa hakuna hesabu ndefu."

Saimi aliipokea, na kweli ilikuwa nyepesi kama ufagio. Clarence akampa na pakiti ya risasi nzito, "kwa sababu kwale wana manyoya mengi," akasema. Tukaondoka tukiwa na furaha.

Wiki iliyofuata Saimi alikuja kazini na mdomo umepasuka. Nikamuuliza kama ameanguka.

"Nimepigwa teke na ile nyepesi," akasema. "Elma, ile ya Urho ilinisukuma kama ng'ombe. Hii inapiga kama farasi."

Baadaye tulikuja kujua kwa nini. Risasi ikilipuka hurudisha nguvu nyuma, na bunduki nzito humeza sehemu ya nguvu hiyo. Bunduki isiyo na uzito haimezi kitu, inampelekea mpigaji yote. Tena kitako chake kilikuwa kirefu vilevile, kimekatwa kwa mwanamume wa kimo cha kawaida, kwa hiyo Saimi alilazimika kunyoosha shingo kama bata ili jicho lifike kwenye mtutu. Teke likija, linamkuta shavu liko hewani. Baada ya siku nne alianza kufumba macho kabla hajafyatua. Musti alimwonyesha kwale kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja walikwenda zao. Mbwa alikuwa akigeuka na kumtazama, na Saimi alisema macho yale yalimuuma kuliko mdomo.

Akairudisha. Clarence akakuna kidevu.

"Basi tushuke kabisa," akasema, akampa ile ya tundu dogo kuliko zote, wanayoiita nne-kumi, ambayo wakulima wa huku huiweka kwa ajili ya panya wa ghalani. "Hii hata paka wako anaweza kuipiga."

Na kweli haikuuma. Saimi alifumbua macho tena. Alasiri moja, kando ya kijito, kwale aliruka kwa ule mshindo wao kama mtu anayekung'uta zulia, Saimi akafyatua, manyoya yakatawanyika. Lakini kwale hakuanguka. Alishuka akiyumba, akaingia kwenye vichaka vya mierezi. Risasi za nne-kumi zina marisau machache, na kwa umbali ule yalikuwa yametawanyika, pengine mawili tu yalimpata. Musti alitafuta zaidi ya saa nzima. Saimi alitambaa kwa magoti kwenye matope, akiinua matawi kwa mikono, mpaka jua likazama. Hawakumpata.

Kesho yake jikoni hakunionyesha jeraha lolote. Alimenya viazi mpaka saa nne, kisha akaweka kisu chini.

"Kiumbe yule yuko kule na bawa lililovunjika," akasema. "Kwa sababu mimi nilitaka kisichoniuma."

"Basi acha," nikamwambia. "Nani amekulazimisha? Musti ni mbwa, atasahau."

Alikuwa akiitazama meza yake ya nyama, ile aliyoikata. Akaipigapiga kwa kiganja.

"Elma, hii meza ina uzito gani?"

"Nitajuaje?"

"Mimi pia sijui. Nimeitumia miaka mingi na sijawahi kujiuliza. Niliuliza kitu kimoja tu: inanifika wapi." Akafuta mikono kwenye aproni. "Tumekuwa tukinunua bunduki kwa mizani kama samaki."

Jumamosi alirudi dukani na futi ya fundi cherehani. Wazee wa kando ya jiko la duka wakajiweka sawa vitini, maana walinusa burudani. Saimi alimwambia Clarence hataki aambiwe uzito wa kitu chochote. Anataka kuzishika zote.

"Zote?"

"Una haraka ya kwenda wapi?"

Alivumbua mtihani wake mwenyewe hapo hapo. Alihakikisha bunduki ni tupu, akaielekeza kwenye ukuta wa nyuma, akafumba macho, akaipandisha shavuni na begani kama inavyokuja yenyewe, kisha akafumbua macho. Akiona mgongo wa mtutu ukienda sawasawa hadi kwenye ule ushanga wa shaba wa mbele, inamfaa. Akiona ukuta, au akiona ubao wa kitako tu, haimfai. Alijaribu kumi na saba. Aliona ukuta mara kumi na saba.

"Pengine ni macho," akasema mzee mmoja.

"Pengine ni mikono," akasema mwenzake. "Irefushwe."

Ya kumi na nane ilikuwa kwenye kona, nyuma ya nyavu za samaki, imejaa vumbi. Ilikuwa ya mitutu miwili iliyokaa ubavu kwa ubavu, namba ishirini na nane, tundu lake likiwa kati ya ile ishirini iliyompasua mdomo na ile nne-kumi iliyomwaibisha. Ilikuwa na uzito wa ratili tano na robo tatu. Iliagizwa kwa ajili ya daktari mmoja wa jiji aliyefariki kabla ya kuichukua, na hakuna mtu wa Harju aliyewahi kuitaka, kwa sababu risasi zake zilikuwa adimu. Saimi alifumba macho, akaipandisha, akafumbua. Aliuona ushanga, lakini kitako kilikuwa bado kirefu, kimemnasa kwenye koti.

Akampa Clarence futi. "Pima kutoka triga mpaka mwisho wa kitako. Halafu pima mkono wangu, kutoka kiwiko mpaka kidole."

Clarence alipima. "Umezidiwa inchi moja na robo."

"Basi ikatwe inchi moja na robo, na nyuma iwekwe mpira."

Clarence aliishika ile bunduki kifuani kama mtu aliyeambiwa mtoto wake akatwe sikio.

"Huu ni mti wa jozi wa Ufaransa, Saimi. Ukishakata huwezi kurudisha. Na ukishindwa, sina wa kumuuzia. Watu wa kimo chako hawapigi bunduki."

"Hawapigi kwa sababu wakija hapa unawapa mateke."

Mzee mmoja alipaliwa na kahawa. Clarence akawa mwekundu shingoni, lakini Saimi hakuwa amepaza sauti. Aliendelea kwa upole uleule aliotumia kumwambia mwalimu mkuu asiguse sufuria.

"Jumapili ya tatu kutoka leo ni mashindano ya kupiga visahani vya kurushwa. Nitapewa visahani ishirini na tano kama kila mtu. Nisipovunja kumi na tano, nitawapikia pasti nyinyi nyote hapa kila Jumamosi mpaka theluji iyeyuke, na bunduki nitaichukua hivyohivyo ilivyo fupi."

"Na ukivunja?"

"Nitasimama nyuma ya kaunta hii kila Jumamosi. Mtu mfupi akiingia, nitamhudumia mimi."

Nadhani Clarence alikubali kwa ajili ya pasti, zile sambusa kubwa za nyama na viazi za watu wa Cornwall. Mkono wa Saimi kwenye unga ulijulikana hata ng'ambo ya ziwa.

Aliyekata ni Urho. Hakutaka fundi mwingine aguse. Alikuwa amekaa bila kazi karibu mwaka mzima, na nilimwona akinoa ule msumeno mwembamba wa meno madogo kama mtu anayejiandaa kwa harusi. Alizungusha utepe wa gundi mahali pa kukatia ili mti usichanike, akapima mara tatu, akampa Saimi apime, akanipa na mimi ambaye sijui kitu. Kisha akashusha pumzi na kukata polepole, huku tumesimama sote tukitazama. Kipande kilipoanguka kwenye kiganja chake, uso wa mti ulikuwa laini kama jibini. Akafunga mpira mwekundu nyuma, akapaka mafuta, akampa mkewe.

Saimi akafumba macho, akaipandisha. Haikunasa popote. Ilifika shavuni kama kiganja cha mtu anayekufahamu.

"Vipi?" Urho akauliza.

"Sasa naona," akasema.

Majuma yale matatu, kila asubuhi kabla ya kuja kazini, aliipandisha bunduki tupu mara hamsini mbele ya dirisha, Urho amekaa nyuma yake kwenye kiti akimsahihisha. "Usilete kichwa kwenye bunduki, lete bunduki kwenye kichwa. Mguu wa kushoto mbele. Egemea mbele, usiegemee nyuma kama mtu anayebeba maji." Jioni walikwenda kwenye lile rundo la vumbi la mbao wakapiga risasi chache tu, zile hafifu. Zikibaki mbili kwenye pakiti, Urho alimzuia. Alitaka bega lisiwe na kumbukumbu mbaya.

Siku ya mashindano kulikuwa na baridi na upepo wa ziwani. Visahani vya udongo hurushwa kutoka kwenye kibanda cha mbele, kimoja kimoja, na hujui kitaelekea wapi. Saimi alipopanda kwenye mstari, nusu ya mji ilikuwa imesogea. Clarence mwenyewe ndiye aliyekuwa akihesabu.

"Kibaba, ukianguka tutakuokota!" mtu akapiga kelele.

"Utaweza? Wewe hata suruali yako huiokoti!" nikamjibu mimi, maana Saimi alikuwa ameshaacha kusikia watu.

Aliita. Kisahani kikaruka. Akakikosa. Cha pili akakikosa pia, nami nikajiona tayari nikikanda unga. Urho, juu ya magongo yake, aligusa tu shavu lake kwa kidole. Saimi alimwona. Cha tatu kikageuka moshi mweusi. Cha nne vilevile. Kutoka hapo alikwenda kwa mwendo wa mtu anayekata karoti: anaita, anapandisha, anafuata, anafyatua, anafungua bunduki, anatoa ganda. Alikosa kingine cha tisa, akakosa mwishoni viwili upepo ulipovibeba. Alivunja ishirini.

Hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa sita. Ndiyo maana nasema hakuwashinda wanaume. Lakini wale watano waliomzidi walikuwa wakipiga visahani tangu utotoni, na walipomaliza walikuja kumwomba waishike ile bunduki.

Clarence aliinua karatasi yake ya alama, akaitazama muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Jumamosi, saa tatu," akasema. "Uje na stuli yako. Zangu hazitakufaa."

Wiki ile ile Saimi alileta kwale wanne nyumbani, wote wameanguka palepale, wote wameletwa na Musti. Urho alikula akanyamaza, kama alivyoagizwa.

Hivyo ndivyo Saimi alivyoanza kazi ya pili, na aliifanya miaka ishirini na mbili. Waliokuja kwake walikuwa aina zote. Alikuja mke wa mchungaji wa Kilutheri, aliyesema anamtafutia mumewe zawadi, na ilichukua nusu saa kukubali kuwa zawadi ni yake. Alikuja dereva wa gari la theluji, mwanamume mfupi mwenye ndevu nyingi, aliyekuwa ameumizwa bega miaka kumi akidhani ndivyo ilivyo. Wasichana wa chuo walikuja, na wajane waliorithi bunduki za waume zao.

Hakumwanzia mtu yeyote na mizani. Aliwauliza watawinda nini, watatembea umbali gani, na wamewahi kuumizwa wapi. Aliwafanya wazunguke dukani wakiwa wamebeba bunduki kwa robo saa huku wanapiga soga naye, kisha ghafla anawaambia, "Pandisha!" Ikichelewa kupanda, alijua ni nzito mno mbele. Wanawake aliwatazama pia kifua na shingo, na kama kitako kinawachoma kwa pembe ya chini, alimpelekea Urho aifanye mviringo ile pembe. Urho alikuwa amefungua karakana ndogo kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha sauna yao, kibanda cha kuogea kwa mvuke, na watu walileta vitako kutoka mbali, hata Wisconsin.

"Nataka iliyo nyepesi kabisa," wengi walisema.

"Nyepesi ya kubeba au nyepesi ya kupiga?" aliwauliza. "Ukitaka ya kubeba, nitakupa hii na risasi hafifu. Ukitaka kupiga mia moja kwa siku kwenye visahani, ongeza ratili moja na bega lako litanishukuru."

Clarence alizoea. Ikafika wakati mtu mfupi akiingia, anaita tu "Saimi!" bila kuinua macho kwenye gazeti.

Kisha moyo wa Clarence ukamwangusha. Ilikuwa majira ya kuchipua, alikuwa akishusha boti kwenye gari. Walimpasua kifua hospitalini, akakaa huko wiki saba, na mtu aliyerudi hakuwa yule. Alikuwa amepoteza ratili themanini. Mabega yalikuwa yamekwisha, koti lilimning'inia kama liko kwenye mti wa kutishia ndege. Alikaa nyumbani kiangazi chote na duka akaliacha kwa binti yake na Saimi. Mkewe, Beryl, alituambia hali chakula, anasogeza sogeza tu kwenye sahani.

Septemba ilipoisha Saimi alinipigia simu. "Njoo twende kwa Clarence. Nahitaji shahidi."

Tulimkuta kwenye kiti, amevaa koti lisilo lake, amejifunika blanketi. Saimi alikuwa na mfuko wa bunduki begani na ile futi mfukoni.

"Simama, nikupime."

"Ondoka, Saimi."

"Nimekuta bunduki yako kule dukani, ile ya ratili nane na nusu. Umeshindwa kuinyanyua, ndiyo maana umeiacha."

Beryl alishika mdomo. Clarence alimtazama Saimi kwa hasira, na nikafurahi, maana ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kuona kitu chochote katika macho yake.

"Daktari amekataa," akasema. "Kifua kimefungwa kwa waya. Hakitaki teke."

"Nimezungumza na daktari. Nimemweleza ninachokuletea, naye ameniambia kifua kimeshaunga, ila teke liwe dogo na bega liwe la kulia." Akafungua mfuko. Ilikuwa namba ishirini inayojipakia yenyewe, ile aina ambayo sehemu ya moshi wa risasi hutumika kusukuma mitambo, kwa hiyo teke linapofika begani limekwisha kuchoka. Ratili sita kasoro kidogo. Kitako kilikuwa kimekwisha kupunguzwa na Urho, kwa kukisia.

Clarence aliigeuza. Akasoma maandishi ya pembeni.

"Hii ni ya wanawake."

"Na hilo koti ni la mama mkwe wako. Simama."

Alisimama. Ilimchukua muda, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu Saimi alitukazia macho. Alifumba macho, akapandisha. Bunduki ilipanda polepole, lakini ilifika. Alipofumbua, alibaki hivyo, shavu kwenye mti, akiutazama mtutu hadi mwisho wake kuelekea kwenye picha ya mama mkwe wake ukutani.

"Inafika," akasema.

"Inafika wapi?"

"Inafika, mwanamke! Usiniulize maswali kama mteja."

Tulikwenda msituni Jumanne ya pili ya Oktoba, Saimi, Clarence, mimi na Pikku, mjukuu wa Musti. Mimi nilibeba chupa ya kahawa na kigoda. Tulitembea polepole kwenye njia ya zamani ya magogo, na kila tulipofika mahali pazuri Clarence aliketi kwenye kigoda, Saimi akijifanya anafunga kamba za viatu. Zilifunguka mara nyingi sana siku ile.

Kwale wa kwanza aliruka nyuma yetu. Clarence hakuwahi hata kugeuka. Akatukana kwa Kiingereza cha babu zake. Wa pili alimkosa kwa yadi nzima.

"Umesimamisha bunduki kabla ya kufyatua," Saimi akamwambia.

"Najua nilichofanya. Nilikufundisha mimi."

"Wewe? Wewe ulinipasua mdomo."

Alitembea hatua kama ishirini. Kisha akasema, bila kumtazama, "Haikufika ratili tano na robo, ile. Siku hizi huwa naifikiria." Hilo ndilo neno la karibu zaidi na kuomba radhi lililowahi kutoka kwa mtu wa ukoo wa Trezona, na Saimi alilipokea kwa kumpa kahawa.

Wa tatu, Pikku alimwonyesha vizuri, amekakamaa kwenye ukingo wa mipopla michanga, mkia umenyooka. Saimi alisogea pembeni na kuifungua bunduki yake ili Clarence aone kuwa hatapiga. Kwale akaruka kushoto, chini, kwa ule mshindo. Yule mzee mkubwa aliyekuwa mdogo aliipandisha bunduki kama aliyeambiwa jina lake, ikalia mara moja, na kwale akaanguka juu ya majani bila kupapatika.

Nilimtazama Clarence kifua. Yeye pia alijitazama, akajigusa pale penye waya, akasubiri.

"Hamna kitu," akasema. "Hata kusukumwa kanisani kunauma zaidi."

Siku hiyo alipata wawili na Saimi akapata mmoja. Tukawapeleka kwa Urho, naye akawakaanga kwenye siagi na uyoga wa msituni na vitunguu, huku akidai aelezwe kila risasi ilipigwa wapi na mguu gani ulikuwa mbele. Clarence alieleza, akaongeza chumvi ya kutosha. Alikula sahani ya kwanza. Akakata mkate akafuta mchuzi. Akasogeza sahani mbele akaomba ijazwe.

Simu ikalia. Alikuwa Beryl, anauliza kama mumewe yuko salama, na kama atarudi mapema ili ampashie moto ule uji wake wa hospitali.

Urho aliziba simu kwa kiganja akamtazama Clarence, aliyekuwa na paja la kwale mdomoni.

"Mwambie aumwage," akasema Clarence.